Wamemaliza Mchezo, Ugomvi Ndiyo Kwanza Umeanza

Bandarini mwa mji wa Lumière watu wamekusanyika, baadhi yao wakiwa na mashada ya maua shingoni. Wenye mashada ni wale ambao mwaka wao umefika. Ng'ambo ya bahari, chini ya jiwe refu lililosimama peke yake, Mchoraji anainuka, anafuta tarakimu 34 na kuandika 33. Sophie amemshika mkono Gustave, mwanamume aliyekuwa mpenzi wake kabla hawajaachana. Hawagombani tena. Mwili wa Sophie unaanza kugeuka petali na vumbi, upepo unauchukua kidogo kidogo, na vidole vya Gustave vinabaki vimefumbata hewa. Mchezaji hajamaliza hata saa moja tangu awashe mashine yake, na tayari amezika mtu.

Huo ndio mwanzo wa Clair Obscur: Expedition 33, mchezo wa video wa njozi uliotoka Aprili 24, 2025 kwa PlayStation 5, Xbox Series na kompyuta. Ni mchezo wa uhusika: mchezaji anavaa nafsi za watu wa hadithi, anawakuza nguvu, anawachagulia silaha na kuwaongoza vitani. Kila mwaka Mchoraji huandika tarakimu moja pungufu, na wote wenye umri huo hutoweka. Kila mwaka pia kundi la waliobakiwa na miezi kumi na miwili ya kuishi huvuka bahari kwenda kumwua. Hakuna aliyefanikiwa. Msafara wa 33 ni zamu ya Gustave, mhandisi mwenye mkono mmoja wa chuma, na Maelle, binti wa miaka 16 aliyelelewa naye, ambaye angeweza kusubiri nyumbani miaka mingi lakini akachagua kuondoka pamoja naye.

Nakala milioni moja zilinunuliwa ndani ya siku tatu, na kufikia Oktoba mwaka huo zilipita milioni tano. Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa aliwapongeza waundaji hadharani. Desemba, kwenye hafla ya The Game Awards, mchezo huu ulichukua tuzo tisa kwa usiku mmoja, ikiwemo ya mchezo bora wa mwaka. Mtu angedhani basi yameisha. Kumbe ndipo wachezaji walipogawanyika zaidi, na mgawanyiko wao unastahili kusikilizwa kwa makini, maana hawabishani kama mchezo ni mzuri au mbaya. Wengi wanaoulalamikia wameucheza hadi mwisho, na wapo walioucheza mara mbili.

Ugomvi wa kwanza ni wa vidole.

Michezo ya uhusika ya zamu kwa zamu ina adabu yake ya miaka mingi. Unachagua cha kufanya, unapiga. Adui naye anachagua, anapiga. Zamu ya adui ikifika, mchezaji wa zamani aliweza kuiweka pedi mapajani, akanywa chai yake na kuangalia madhara yakihesabiwa kwenye skrini. Clair Obscur imevunja adabu hiyo. Zamu ya adui ndiyo unayopaswa kuwa macho zaidi, kwa sababu kila pigo linaloshuka linaweza kukwepwa, kukingwa au kurukwa, mradi kitufe kibonyezwe kwa wakati wake hasa. Kukwepa ni rahisi kidogo lakini hakukulipi kitu. Kukinga kuna nafasi finyu zaidi, ila ukifaulu unaongezewa pointi za kutumia mbinu zako, na ukikinga mapigo yote ya mfululizo mmoja mhusika wako anarudisha shambulio zito papo hapo.

Maadui nao wameundwa wakiwa wajanja. Mmoja anainua silaha, anasita, anazungusha bega kana kwamba anapiga, anasita tena, kisha anashusha ghafla pale ambapo kidole chako kimeshabonyeza na kuachia. Mara ya kwanza unakufa. Mara ya pili unakinga pigo la kwanza na kufa kwa la tatu. Kufikia mara ya sita mwili umeshakariri mdundo, mlio wa kukinga unasikika mara nne mfululizo bila kukosea, na mchezaji anajikuta amesimama katikati ya sebule. Wanaoupenda mchezo huu huanzia hapo wanapousimulia.

Wasioupenda nao huanzia hapo hapo. Hoja yao ni hii: ukiweza kukinga kila pigo, unaweza kumshinda adui yeyote bila kupanga chochote, hata ukiwa na silaha dhaifu. Kinyume chake, unaweza kukaa nusu saa ukipanga silaha, mbinu na vipaji kwa uangalifu mkubwa, halafu ukafutwa kwa pigo moja kwa sababu kidole kilichelewa. Wanauliza, sasa akili inafanya kazi gani?

Malalamiko haya yana uzito kuliko wengi wanavyokubali. Kwa miongo mizima michezo ya zamu kwa zamu ilikuwa nyumba ya watu ambao mikono yao haikimbizani na skrini: wenye umri mkubwa, wenye ulemavu wa mikono, wenye macho mazito, wanaocheza usiku baada ya kazi wakiwa wamechoka. Clair Obscur ina ngazi tatu za ugumu, na ile ya chini kabisa inasamehe mengi. Baadaye waundaji waliilegeza zaidi. Kuna pia mpangilio wa kuiachia mashine ibonyeze vitufe unaposhambulia wewe. Lakini wa kujikinga haukuwekwa. Mchezo uliojengwa kwa uangalifu kiasi hiki ungeweza kuwafungulia watu hao mlango bila kuwapunguzia wengine utamu hata chembe, na ni jambo la kusikitisha kwamba haukufanya hivyo.

Hata hivyo si kweli kwamba hauna akili. Kila mhusika ana kanuni zake. Lune hukusanya rangi za moto, barafu, ardhi na radi kisha huzitumia kukuza mbinu inayofuata. Sciel hubandika karata za ubashiri kwa adui na kuzivuna baadaye kwa mkupuo. Monoco hukusanya miguu ya maadui aliowashinda, na kila mguu humpa uwezo wa kujigeuza mwenye nao. Verso hupandishwa daraja kila anapopiga vizuri, na akiguswa hushuka. Kuna pia vifaa viitwavyo Pictos: ukishinda navyo mapambano manne, kipaji kilichomo kinaweza kuvaliwa na yeyote kundini. Mchezaji mwenye subira anaweza kujenga hapo mtambo wa ajabu, ambapo kipaji kimoja kinaamsha cha pili na cha pili kinaamsha cha tatu. Verso ndiye anayeonyesha nia ya waundaji kwa uwazi zaidi: mpango wako wote juu yake unasimama au kuanguka kwa jinsi unavyokwepa. Walitaka kichwa na kidole vitegemeane. Mtu anaweza kuukataa mkataba huo, lakini asiseme haupo.

Nyuma ya ugomvi huu kuna mwingine wa siku nyingi. Final Fantasy, ukoo wa michezo ya Kijapani uliowalea wengi wa mashabiki hawa, ulikuwa wa kuchagua amri na kusubiri zamu. Toleo lake la 16, la mwaka 2023, lilikuwa la mapigano ya moja kwa moja, na mtayarishaji wake Naoki Yoshida alieleza kabla ya hapo kwamba wachezaji wengi wa sasa, hasa vijana, hawaioni tena ladha ya mfumo wa zamani. Guillaume Broche, mkurugenzi wa Clair Obscur, alikua akiipenda michezo ya aina hiyo na akaona imeachwa bila wa kuijenga kwa picha kubwa na fedha za kutosha. Kwa hiyo mchezo wake ulipotamba, mashabiki wakaushika kama ushahidi mahakamani: zamu kwa zamu haijafa.

Wengine wakawajibu, na kwa haki, kwamba haikuwahi kufa. Persona 5 ilitoka 2016. Dragon Quest XI ikatoka 2017. Baldur's Gate 3, mchezo wa zamu kwa zamu ulio mrefu na mgumu, ulibeba tuzo ile ile ya mchezo bora wa mwaka 2023. Metaphor: ReFantazio ulifuata 2024. Kilichokuwa kimeadimika ni kampuni kubwa kuthubutu, na hilo Clair Obscur haijalibadilisha yenyewe, kwa kuwa kampuni iliyouunda si kubwa.

Hapo napo pana ugomvi. Sandfall Interactive ina makao yake Montpellier, kusini mwa Ufaransa. Broche aliondoka Ubisoft, akaianzisha kampuni hiyo mwaka 2020 na wenzake wachache. Namna walivyokusanyika ni hadithi yenyewe: Lorien Testard, mtunzi wa muziki, alikuwa hajawahi kutungia mchezo wowote, naye akaishia kuujaza huu kwa vipande 154. Jennifer Svedberg-Yen, mwandishi mkuu, alijitokeza kwanza kuomba kazi ya kuigiza sauti. Habari ikasambaa kwamba watu kama 30 tu wameishinda dunia, na mashabiki wakaitumia kuzichapa kampuni kubwa zenye maelfu ya wafanyakazi.

Waliosoma orodha ya majina mwishoni mwa mchezo wakaona kwamba 30 si hesabu kamili. Wamo wahuishaji wa Korea Kusini waliotengeneza mienendo ya mapambano, wapo wanamuziki, waigizaji, wafasiri na wakaguzi wa hitilafu, na nyuma yao yupo mchapishaji Kepler Interactive aliyetia fedha. Kuwataja hao si kuwadhalilisha Sandfall. Ni kuwapa haki yao watu waliofanya kazi. Malalamiko yalikuwa makali zaidi pale mchezo ulipotwaa kwenye The Game Awards pia tuzo ya mchezo huru, ukishindana na Hollow Knight: Silksong, kazi ya kikundi kidogo mno cha Australia. Wachezaji wa michezo midogo walihisi kwamba hata kijumba chao kimepangishwa kwa mwenye ghorofa.

Kisha likaja la akili mnemba. Desemba 2025 waandaaji wa The Indie Game Awards, hafla nyingine ndogo inayokataza teknolojia hiyo katika michezo inayoshindana, waliupa mchezo huu tuzo mbili na siku chache baadaye wakazifuta, ya mchezo bora ikaenda kwa Blue Prince. Sababu ilikuwa picha chache zilizozalishwa na mashine kama za kushikilia nafasi wakati wa ujenzi, zikasahaulika ndani, zikaonekana na wachezaji kwenye mabango ya nguzo mojawapo mjini Lumière, na zikaondolewa siku chache tu baada ya mchezo kutoka. Kuna wanaoona adhabu hiyo imepitiliza kwa kosa dogo lililorekebishwa mapema. Kuna wanaosema sheria ilikuwa wazi, na anayetaka tuzo ya wenye sheria hiyo hana budi kuitii. Katika hili wa pili ndio wenye hoja. Mchezo ambao moyo wake wote ni uchoraji wa mikono ya wanadamu ulipaswa kuwa mwangalifu mara mbili.

Mengine ni madogo, ingawa yanapigiwa kelele. Ndani ya maeneo hakuna ramani, kwa makusudi. Wanaopenda kupotea wanafurahi, wenye saa moja ya kucheza kwa siku hawafurahi. Michezo ya ufukweni ya viumbe waitwao Gestral, hasa ule wa kupanda mnara kwa kurukaruka, imewakera karibu wote, na hapo pande zote zinapatana. Pia kuna wanaouliza ni lugha gani ya kuuchezea. Mji umechorwa kwa sura ya Paris ya zamani, na mnara wa Eiffel uliopindika, lakini uigizaji wa msingi ni wa Kiingereza, ukiwa na Charlie Cox kwa Gustave na Jennifer English kwa Maelle, huku matusi ya Kifaransa yakiachwa humo humo. Sauti za Kifaransa zipo kamili, na wengi husema kwazo hadithi inakaa nyumbani kwake.

Mchezaji wa Kiswahili anaielewa hisia hiyo. Aprili 2024 ulitoka Tales of Kenzera: Zau, wa mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, Abubakar Salim, alioutengeneza akimwomboleza baba yake. Ni mchezo wa kuruka na kupigana zaidi kuliko wa uhusika, nao pia uliwagawa watu: wapo walioliona pambano lake linajirudia na safari yake kuwa fupi, na wapo walioguswa hasa na simulizi ya Zau akiidai roho ya baba yake kutoka kwa mungu wa mauti. Lakini ulikuja na sauti za Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni jambo ambalo michezo yenye fedha mara nyingi zaidi haijalifanya, na hakuna udhuru wa kiufundi wa kutolifanya.

Sasa ugomvi mkubwa. Asiyetaka kujua mwisho wa hadithi aishie hapa.

Mwishoni mwa sehemu ya kwanza Gustave anauawa. Mwanamume uliyemwongoza kwa saa nyingi, ambaye huzuni yake ndiyo mlango wako wa kuingilia, anaondolewa, na mgeni aitwaye Verso anashika nafasi yake na hata anarithi viwango vyake vya nguvu. Wapo wachezaji ambao hawajamsamehe Verso mpaka leo kwa kosa hilo tu la kutokuwa Gustave. Wengine wanaona hapo ndipo mchezo ulipothibitisha kwamba kifo ndani yake si mapambo.

Halafu, sehemu ya pili inapoisha, pazia linafunguka. Lumière, bahari, maadui na wanamsafara wote ni mchoro. Nje ya turubai kuna familia ya wachoraji, akina Dessendre, waliofiwa na mtoto wao Verso katika moto. Turubai hii ni kazi yake aliyoiacha. Mama yake, Aline, ameingia ndani yake akakataa kutoka, akajichorea familia nyingine ya kuishi nayo. Baba yake, Renoir, anataka kuifuta ili mkewe arudi nyumbani. Maelle ni binti yao Alicia, aliyeingia na kuzaliwa upya bila kumbukumbu. Verso tuliyesafiri naye ni nakala ya marehemu.

Baada ya Renoir kushindwa, mchezaji anaulizwa apigane kama nani. Akiwa Maelle, turubai inabaki na watu wake wanarudishwa. Akiwa Verso, inafutwa, na familia iliyo nje inapata nafasi ya kulia kaburini na kuendelea. Katika njia ya Verso tunamwona mtoto, kipande cha roho ya marehemu kinachoendelea kuchora bila kupumzika, akiombwa aache. Katika njia ya Maelle ukumbi umejaa, Gustave na Sophie wamekaa pamoja, na Verso aliyezeeka anasukumwa kwenye piano asiyotaka kuipiga. Kisha rangi zinakauka, picha inakuwa nyeusi na nyeupe, na uso wa Maelle unajaa madoa ya rangi kuzunguka macho.

Wanaomtetea Verso wanasema mchezo unahusu maombolezo, na kuishi ndani ya picha ya marehemu si kuomboleza bali ni kujiua polepole. Wanaomtetea Maelle wanauliza swali jepesi kulielewa na gumu kulijibu: watu wa Lumière wanapenda, wanazaa, wanaogopa kufa, kwa nini wafutwe ili familia moja ipone msiba wake? Wanaongeza kwamba waandishi wameegemea upande mmoja, kwani njia ya Maelle imepakwa kutisha na ya Verso imepakwa utulivu.

Wako sahihi. Uzito wa picha na muziki unasukuma kwa Verso, na udhaifu unaanzia mapema zaidi, mwanzoni mwa sehemu ya tatu. Lune amejitolea maisha kwa utafiti alioachiwa na wazazi wake. Sciel, mkulima aliyegeuka mwalimu, alifiwa na mumewe Pierre. Watu hawa wanaambiwa kwamba wao na wote waliowapenda ni rangi juu ya kitambaa, na wanapewa mazungumzo machache kambini, wanayapokea, wanaendelea kupigana. Uamuzi wa kuishi au kufutwa kwao unabaki kati ya ndugu wawili wa familia ya Dessendre, na hakuna anayewauliza. Ni katika njia ya Verso tu, wakati dunia inapofutika, ambapo Lune anakaa chini na kumkazia macho Verso bila kusema neno mpaka anatoweka. Wachezaji wamelirudia tukio hilo kuliko hotuba yoyote ya mchezo huu, kwa sababu ndipo mtu wa Lumière anapopewa mara moja nafasi ya kukataa.

Kasoro nyingine inaongeza ya kwanza. Sehemu ya tatu inafungua dunia nzima, na ukomo wa nguvu ya pigo moja, uliokuwa 9,999, unaondolewa. Mwenye kupenda kuzunguka anakuwa na nguvu kupita kiasi, hata baada ya waundaji kulipunguza makali pigo la Maelle liitwalo Stendhal. Wengi wamemfikia Renoir, baba anayelilia familia yake, wakamwangusha kwa mapigo mawili matatu kabla hajamaliza kusema. Kwa upande mwingine Simon, adui wa hiari aliyefichwa mbali, anawatoa jasho hata mabingwa. Kilele cha hadithi kilistahili ulinzi ule aliopewa adui wa pembeni.

Usiku ule wa The Game Awards, Desemba 2025, Sandfall walitoa nyongeza ya bure, yenye eneo jipya lililotokana na michoro ya utoto ya Verso na maadui wapya wagumu. Waliotumaini mwisho wa tatu, ambapo Lune na Sciel wangesema wanachotaka, hawakuupata. Waundaji wameshikilia kwamba hakuna kati ya miisho miwili ulio rasmi kuliko mwenzake, na wachezaji wa pande zote mbili wanaendelea kuitumia kauli hiyo kudai kwamba wao ndio walioshinda.